Pakiti za ORS Zikae Nyumbani, Zisikae Stoo
Maoni ya mhamasishaji wa afya wa kujitolea

Katika toleo hili nimeomba nafasi ya kusema jambo moja tu. Ni kuhusu ile pakiti ndogo ya ORS ambayo kila mtu hapa anaijua na ambayo wengi wetu tunaidharau. Nasema wengi wetu kwa kuwa hata mimi nimo, na nitaeleza kwa nini.

Mvua zilizopita zilipoanza, asubuhi moja nilipita katika nyumba ya jirani yangu. Mtoto wake, ambaye alikuwa amevuka mwaka mmoja, alikuwa anahara tangu usiku. Nilimweleza mama yake jinsi ya kuchanganya ORS kama tulivyofundishwa kwenye semina. Aliitikia vizuri, akaenda kituoni, akapewa pakiti mbili. Nami nikaenda zangu kwenye nyumba nyingine nikiwa na furaha kwamba kazi imefanyika.

Jioni niliitwa mbio. Macho ya mtoto yalikuwa yameingia ndani, mdomo mkavu, analia bila machozi. Nikamwuliza mama, "Ile dawa ulimpa?" Akanijibu, "Nilimpa vikombe viwili asubuhi, lakini aliendelea kuhara vilevile. Nikaona haifanyi kazi, nikaimwaga. Nikamnunulia vidonge vya rangi mbili pale sokoni." Tulimbeba mtoto gizani hadi kituoni, akatundikiwa serumu, na Mungu akasaidia, akapona. Leo anakimbizana na kuku wa watu.

Lakini mimi sikulala vizuri usiku ule. Yule mama hakuwa mjinga wala mzembe. Alifanya kile ambacho mtu yeyote mwenye akili angefanya. Ukipewa dawa ya kuhara, ukaitumia, na kuhara kukaendelea, utaiacha na kutafuta nyingine. Kosa lilikuwa langu. Nilimfundisha kuchanganya, nikasahau kumwambia neno moja kubwa kuliko yote: ORS haizuii kuhara. Haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Mtoto anaweza kunywa ORS vizuri kabisa na bado akaendelea kuhara siku tatu au nne, naye akawa salama. Kazi ya ORS ni kurudisha maji na chumvi ambavyo vinatoka, kwa sababu kinachoua ni ukavu. Ni kama dumu lenye tundu. Tundu litajiziba lenyewe baada ya siku chache, lakini ukikaa tu kulitazama bila kuongeza maji, dumu litakuwa tupu kabla tundu halijaziba.

Nimewauliza wahamasishaji wenzangu, na wengi wamekiri kwamba nao hawasemi neno hilo. Tunasema "mpe ORS kila akihara", basi, tunageuka na kuandika kwenye daftari kwamba elimu imetolewa.

Wengine wataniuliza, je, maji ya chumvi na sukari yanafanya nini ambacho maji ya kawaida hayafanyi? Hili ni swali zuri, na jibu lake ni moja ya ugunduzi mkubwa wa wanasayansi. Utumbo wetu una vijilango vidogo sana ambavyo hupitisha chumvi kwenda kwenye damu. Miaka ya 1960 wataalamu waligundua kwamba kuna mlango ambao chumvi haipiti peke yake, mpaka iwe imeshikana mkono na sukari. Ni kama kwenye mgao wetu, unaweza kuja na gunia lako zuri, lakini bila kadi hupiti. Sukari ndiyo kadi. Chumvi na sukari vikishapita pamoja, maji hufuata nyuma yao. Na jambo la ajabu ni hili: hata kipindupindu, ambacho kinaweza kumtoa mtu mzima lita moja ya maji kwa saa moja, hakiharibu mlango huo. Sumu yake hufungua milango ya kutokea, lakini ule mlango wa sukari na chumvi huendelea kufanya kazi. Ndiyo maana mgonjwa anaweza kuhara na kupona kwa wakati mmoja, mradi kinachoingia kisipungue kinachotoka.

Sasa nataka kuwaeleza jambo ambalo niliposoma lilinifanya niitazame pakiti ile kwa jicho jingine. Mwaka 1968 madaktari waliokuwa wakifanya kazi Dhaka, akiwemo David Nalin na Richard Cash, walionyesha kwamba wagonjwa wa kipindupindu wanaweza kunyweshwa maji haya na haja ya serumu ikapungua sana. Lakini hiyo ilikuwa hospitali, chini ya uangalizi wa karibu. Madaktari wakubwa wengi walikataa. Walisema dawa ya kunywa haiwezi kuaminiwa mikononi mwa watu wa kawaida.

Jibu lilitoka katika kambi ya wakimbizi. Mwaka 1971 kulikuwa na vita vya Bangladesh, na watu wapatao milioni 10 walivuka mpaka kuingia India. Kipindupindu kikawafuata. Katika mji wa mpakani unaoitwa Bongaon, daktari mmoja wa India, Dilip Mahalanabis, alikuta hospitali ndogo ambayo vitanda vyake havikutosha hata kidogo. Wagonjwa walilala sakafuni, juu ya matapishi na kinyesi, na ili amtundikie mtu serumu ilimbidi apige magoti humo humo. Chupa za serumu zikaanza kwisha. Hapo akafanya uamuzi ambao haukuwa katika kitabu chochote cha hospitali. Waliagiza chumvi ya kawaida, sukari ya glukosi na magadi, wakavipima, wakavitia katika mifuko, wakavichanganya na maji katika mapipa yenye bomba. Kisha wakawaambia ndugu wa wagonjwa, akina mama, akina baba, kaka na dada: chukueni vikombe, wanywesheni watu wenu.

Hao ndugu hawakuwa wauguzi. Walikuwa watu waliotembea kwa miguu na mizigo kichwani kama sisi tulivyotembea. Wagonjwa zaidi ya 3,700 walitibiwa kwa njia hiyo katika muda wa wiki chache. Kabla ya hapo, katika makambi yale, wagonjwa kama 30 kati ya kila 100 walikuwa wanakufa. Kwa kunyweshwa na ndugu zao, waliokufa walikuwa chini ya 4 kati ya 100. Mwaka 1978 jarida la madaktari la Uingereza liitwalo The Lancet liliandika kwamba ugunduzi huu wa sukari kusaidia chumvi huenda ndio muhimu kuliko wote wa tiba katika karne ya 20. Daktari Mahalanabis alifariki mwezi wa Oktoba 2022, na mwaka uliofuata nchi yake ikamtunukia nishani kubwa.

Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba ORS ni dawa ya maskini, dawa wanayopewa wakimbizi kwa kuwa hawathaminiwi, mimi namjibu kwamba ni wakimbizi walioithibitisha mbele ya dunia. Ilikuwa yetu kabla haijawa ya wengine.

Wazee wetu waliotoka Kivu wanakumbuka upande wa pili wa habari hii. Mwezi wa Julai 1994, watu laki nyingi kutoka Rwanda waliingia Goma kwa siku chache tu. Ardhi yote ni mawe ya volkeno, choo hakichimbiki, na maji ni ya ziwa. Katika mwezi wa kwanza walikufa karibu watu 50,000, na wengi sana waliuawa na kuhara, yaani kipindupindu na kuhara damu. Wataalamu waliochunguza baadaye waliandika kwamba wengine walikufa kwa sababu wagonjwa walirudishiwa maji polepole mno, na maji ya kunywa hayakutumiwa inavyotakiwa. Yaani miaka 23 baada ya Bongaon, somo lilikuwa limesahaulika.

Na ndugu zetu wa Burundi waliopita Kagunga mwaka 2015 hawahitaji kuambiwa. Maelfu kwa maelfu walikaa katika kile kijiji kidogo kati ya mlima na Ziwa Tanganyika, wakingoja mashua na ile meli ya zamani ya Liemba iwapeleke Kigoma. Mwezi wa Mei kipindupindu kikalipuka. Waliougua walikuwa zaidi ya 3,000, na waliokufa zaidi ya 30, karibu wote wakimbizi. Kila mmoja wa hao alikuwa na jina, na nyumba nyingine bado zina msiba. Lakini linganisheni ninyi wenyewe. Kati ya kila wagonjwa 100 alikufa kama mmoja. Tofauti hiyo haikuletwa na serumu peke yake.

Nirudi kwenye hiyo serumu, au dripu kama wenyeji wetu wanavyoiita, maana hapo ndipo penye ugomvi. Bibi mmoja mkubwa katika kijiji chetu aliniambia waziwazi, "Mwanangu, mbuzi ndiye anayepewa chumvi. Mtu anapewa serumu." Watu walicheka, nami nikacheka. Lakini ndivyo wengi wanavyofikiri. Mtoto akitundikiwa, mzazi anajua kwamba ametibiwa. Akipewa pakiti na kuambiwa arudi nyumbani, anaona amefukuzwa. Simlaumu. Kama tulivyopokelewa katika maofisi mengi, mtu huzoea kudhani kwamba cha bei rahisi ndicho amewekewa yeye.

Serumu ina kazi yake, tena kubwa. Mgonjwa ambaye hana nguvu ya kunywa, amezimia, au anatapika kila kitu, huyo anahitaji serumu na anaihitaji sasa hivi. Lakini kwa mtoto ambaye bado anaweza kumeza, ORS inatosha, tena inaanza kazi mara moja pale pale jikoni, bila sindano na bila foleni. Wakati unaotumia kungoja serumu ambayo mtoto hakuhitaji ndio wakati anaozidi kukauka mpaka akaihitaji kweli.

Sasa sikieni habari ya utafiti wa karibuni, uliotolewa Februari 2024 katika jarida la Marekani liitwalo Science. Ulifanyika India, nchi ile ile ya Bongaon. Watafiti walitaka kujua kwa nini watoa tiba wengi hawawapi watoto ORS ingawa wanaijua. Walidhani labda pakiti zimekwisha dukani, au labda dawa nyingine zina faida zaidi ya pesa. Sababu hizo zilikuwepo, lakini ndogo, asilimia 6 na asilimia 5 tu. Sababu kubwa, asilimia 42, ilikuwa kwamba mtoa tiba anadhani mgonjwa haitaki ORS. Watafiti walipotuma watu wa kujifanya wazazi wa mtoto mgonjwa, na watu hao wakasema kwamba wanapenda ORS, waliandikiwa zaidi.

Niliposoma hayo nilifikiri juu yetu. Mganga anatutazama na kusema moyoni, hawa wanataka sindano. Sisi tunamtazama na kusema, huyu hatujali. Kila mmoja anamdhania mwenzake, na mtoto yupo katikati anakauka. Basi akina mama, mkifika kituoni na mtoto anahara, semeni wenyewe: "Tunaomba ORS na zinki." Hakuna atakayekasirika.

Sasa nafika kwenye maoni yangu yenyewe, na najua kuna wakubwa ambao hayatawafurahisha. Mimi naona kila nyumba yenye mtoto chini ya miaka mitano iwe na pakiti mbili za ORS zilizokaa ndani tayari, kabla mtoto hajaugua. Sisi wahamasishaji tupewe pakiti tuzipeleke mlango kwa mlango tunapotembelea, kama tunavyopeleka ujumbe. Kwa utaratibu tulio nao mama ni lazima aje na mtoto, apange foleni, aandikwe, ndipo apewe. Kuhara hakuchagui saa za kazi. Kunaanza saa nane za usiku, kunaanza Jumapili. Mahali fulani, sitapataja, stoo ilifungwa Ijumaa mchana na mwenye ufunguo akasafiri, pakiti zikiwa zimejaa ndani mpaka Jumatatu.

Hili si wazo la kichwa changu tu. Uganda walilijaribu, na matokeo yakatolewa mwaka 2019. Vijiji vilikuwa 118. Katika baadhi ya vijiji wahudumu wa afya wa jamii walipeleka ORS bure nyumbani kabla ya mtoto yeyote kuugua. Huko, kati ya watoto 100 waliohara, 77 walipewa ORS. Katika vijiji vilivyoendelea na utaratibu wa kawaida walikuwa 56. Kulikuwa pia na vijiji ambako watu walipewa hati ya kuchukua pakiti bure wenyewe. Hao hawakufikia wale walioletewa mlangoni. Pakiti ni ile ile, bei ni ile ile, yaani bure, lakini safari ya kuifuata tu inawapunguza watu. Mwenye watoto wanne na mmoja anahara anajua ninachosema.

Nimelisema jambo hili katika mkutano nikajibiwa mambo matatu. Kwanza, watu wataziuza. Ni kweli wengine watauza. Hata maharage ya mgao yanauzwa, na hakuna aliyesema mgao ufungwe. Pili, zitatumika ovyo. Hilo nalo nalikubali kidogo, kwa sababu nimewaona kwa macho yangu vijana wa mpira wakinywa ORS wakati wa mapumziko kama soda. Tutawaambia waache. Tatu, zitaharibika. Pakiti ikikaa mahali pakavu, mbali na moshi na matone ya paa, haiharibiki upesi. Ukiifungua ukakuta unga umeganda na kuwa wa kahawia, usiutumie, tuletee tukubadilishie. Sioni kati ya hayo matatu sababu ya kumwacha mtoto akauke usiku mzima akingoja mlango wa stoo ufunguliwe.

Kuna jambo moja, hata hivyo, ambalo ni hatari ya kweli, na hapo wakubwa wana haki ya kuuliza. Ni kipimo. Pakiti nyingi tunazopewa hapa ni za lita moja, na zimeandikwa hivyo. Lakini nani kati yetu ana lita moja nyumbani? Nilizunguka nyumba kadhaa kuuliza. Mmoja alichanganya pakiti nzima katika chupa ya soda ya nusu lita. Mwingine alitumia chupa kubwa ya maji ya lita moja na nusu. Mwingine alimimina unga kidogo kidogo katika kikombe, akiuhifadhi kama sukari. Wote walidhani wamefanya sawa. Maji yakipungua, chumvi inazidi, na chumvi iliyozidi inaweza kumdhuru mtoto mdogo vibaya. Maji yakizidi, dawa inapoa nguvu. Na unga ukigawanywa kwa macho huwezi kujua mtoto amepata chumvi au sukari. Pakiti yote, maji lita moja, kwa mara moja.

Kwa hiyo pamoja na pakiti, naomba kila nyumba ipate chombo cha lita moja chenye mstari. Hakuna haja ya kununua majagi mapya. Tunaweza kukusanya chupa tupu, tukapima maji kwa jagi la kituo, na kuchora mstari kwa rangi au kukwaruza kwa msumari wa moto. Vijana wa shule wanaweza kuifanya kazi hiyo kwa mchana mmoja. Anayetaka kujaribu aje kwangu, jagi la kupimia ninalo.

Maji yawe ya bomba yaliyotiwa klorini, au yaliyochemshwa yakapoa. Usichemshe baada ya kuchanganya. Usiongeze sukari, soda wala maziwa. Ikipita siku moja, yaani saa 24, mwaga kilichobaki na uchanganye upya. Mtoto wa chini ya miaka miwili mpe mililita 50 hadi 100 kila anapohara, ambayo ni kama robo hadi nusu kikombe. Wa miaka miwili hadi 10 mpe nusu hadi kikombe kizima. Mkubwa anywe anavyoweza. Mtoto mdogo umpe kwa kijiko, taratibu, si kwa chupa. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha anza tena polepole zaidi. Hapa ndipo akina mama wengi wanapokata tamaa. Kutapika mara moja hakumaanishi kwamba dawa imekataa. Kiasi fulani kilishapita kabla hajatapika. Na ziwa usiache kumnyonyesha, na chakula usimnyime. Ile desturi ya kumfungia chakula mtoto anayehara ili tumbo lipumzike inamdhoofisha tu.

Kama huna pakiti kabisa, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa juu bila kilima, katika lita moja ya maji safi, vitasaidia mpaka ufike kituoni. Lakini sukari haimo katika mgao wetu, na bei yake sokoni mnaijua. Ndiyo sababu moja zaidi ya kutaka pakiti zikae nyumbani. Ukikosa hata sukari, uji mwepesi wenye chumvi kidogo ni bora kuliko kukaa bure.

Zinki nitaigusa kwa kifupi. Tangu 2004 mashirika ya Umoja wa Mataifa ya afya na ya watoto yameshauri vidonge vya zinki viende pamoja na ORS, kwa kuwa vinafupisha siku za kuhara na kumpa mtoto kinga kwa wiki kadhaa mbele. Wengi huviacha kuhara kukikoma, na wengine huviacha kwa sababu vinamtapisha mtoto. Hilo la kutapika limefanyiwa utafiti Tanzania hapa hapa, pamoja na India, kwa watoto 4,500, na matokeo yalitoka mwaka 2020. Ilionekana kwamba kiasi kidogo zaidi kilifanya kazi vilevile na kutapika kukapungua. Kwa hiyo usishangae ukipewa dozi tofauti na ya mtoto wako wa kwanza. Fuata unayoelezwa kituoni, na umalize siku zote 10 hadi 14.

Vile vidonge vya rangi mbili vya sokoni, ambavyo watu huvifungua na kumwagia mtoto unga mdomoni, naviomba viachwe. Kuhara kwingi kwa maji hakuponi kwa dawa hizo. Zinapohitajika, kwa mfano akihara damu, anayepaswa kuamua ni mganga aliyemwona mtoto.

Na kuna wakati wa kuacha kijiko na kukimbia. Mtoto hawezi kunywa, au anatapika kila kitu. Amelegea na haamki vizuri. Macho yameingia ndani. Ukimfinya ngozi ya tumbo inarudi polepole. Kuna damu kwenye choo. Anahara maji meupe kama ya kuoshea mchele, mengi na mfululizo. Hapo usingoje asubuhi, na njiani endelea kumnywesha kama anameza.

Dunia nzima, miaka ya 1980 ilipoanza, kuhara kuliua watoto wadogo karibu milioni tano kila mwaka. Siku hizi ni chini ya nusu milioni. Hata hivyo, katika watoto wanaohara, chini ya nusu ndio wanaopewa ORS.

Yule mama jirani yangu, nilirudi kwake baada ya wiki moja. Nilimwomba radhi kwamba sikumweleza yote. Alinitazama kidogo, akaniambia, "Basi siku nyingine uanze na hilo la mwisho." Tangu siku hiyo naanza nalo. Ameshachora mstari kwenye chupa yake, ameiangika juu ya mlango, na majirani wawili wameiga.

Mkutano wa wahamasishaji na viongozi wa vijiji utakapofanyika, nitaliwasilisha ombi hili kwa maandishi: pakiti mbili kila nyumba yenye mtoto mdogo, chupa yenye mstari, na ufunguo wa stoo uwe na watu wawili. Wanaokubaliana nami waje wakae mbele. Wanaopinga pia waje, hasa wale wa hoja ya kuuzwa, maana ningependa kuwauliza ni nani atakayenunua kitu ambacho kila nyumba tayari inacho.